JE, KAZI YA UHASIBU INANIFAA?

Wengi wenu mmemaliza kisomo. Mnasoma, mnaandika na mnahesabu. Baada ya hapo swali huja lenyewe: elimu hii nitaifanyia nini? Leo tunazungumza juu ya kazi moja ambayo wahitimu wetu wengi hujikuta wamekabidhiwa bila kuiomba. Ni kazi ya kutunza hesabu. Wengine huishia kwenye daftari la kikundi. Wengine hutamani kwenda mbele na kuwa wahasibu kamili. Tuone namna ya kuamua.

Siku ya kufungua sanduku

Tulikuwa tumetembelea kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Daftari linatunzwa na mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani. Wenzake humwita Mama Mwandishi.

Siku hiyo walikuwa wanafunga hesabu za msimu. Daftari lilisema sanduku liwe na shilingi 412,000. Wakahesabu noti mara ya kwanza, wakapata 403,000. Wakahesabu mara ya pili, zikawa zile zile 403,000. Zilipungua shilingi 9,000.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo mambo yenyewe!" Mama Mwandishi alikuwa na njia mbili za haraka. Angeweza kuomba ruhusa kidogo, akaenda nyumbani kuchukua pesa zake na kujazia. Au angeweza kusema amekosea kujumlisha, akafuta 412,000 na kuandika 403,000. Hakufanya hata moja. Alisimama akasema:

"Ndugu zangu, pesa hazilingani na daftari. Sijui kosa liko wapi. Naomba kila mtu atoe kadi yake tukague mstari kwa mstari."

Wakakagua. Saa nzima ilipita. Kwenye mstari mmoja daftari lilisema mwanachama amerudisha mkopo wa shilingi 54,000. Kadi ya mwanachama yule ilisema 45,000. Namba zilikuwa zimegeuzwa. Tofauti yake ni 9,000 kamili. Pesa haikuibwa. Kosa lilikuwa la kalamu. Yule mzee akacheka, akamwomba radhi mbele ya wote.

Tulipokuwa tunaondoka, mama yule alitusindikiza mpaka njia panda. Akauliza, "Mwalimu, hivi mtu kama mimi anaweza kuwa mhasibu?" Siku ile hatukumjibu vizuri, maana giza lilikuwa linaingia. Leo tunamjibu yeye pamoja na wenzake wote wenye swali hilo.

Nani ni nani katika kazi ya hesabu

Watu huchanganya majina, kwa hiyo kwanza tuyatenganishe.

Mweka hazina hutunza pesa zenyewe. Mtunza vitabu huandika: nani ameleta, nani amechukua, kiasi gani, lini, na kwa sababu gani. Mhasibu hupokea maandishi hayo, akayapanga na kuyasomesha. Huwaambia wenye mali kama wamepata faida au hasara, wanadai nini na wanadaiwa nini. Mkaguzi wa hesabu hutoka nje. Hakuandika yeye, na hakushika pesa. Kazi yake ni kutazama kama maandishi yanasema kweli.

Ni vizuri kazi hizi zisishikwe na mtu mmoja. Anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika. Hatusemi hivyo kwa sababu watu wote ni wezi. Mtu mwaminifu naye anahitaji shahidi.

Kwa nini kijiji kinahitaji watu hawa

Wazee wa Usukuma wanaikumbuka habari ya mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja katika kupima. Kulalamika tu hakukuwafaa. Wakaweka watu wao wenyewe wa kupima pamba, ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake kabla haujafika kwa mnunuzi. Hapo ndipo ushirika ulipata nguvu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa vilikuwa vimejiunga katika shirikisho moja kubwa, lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Kiongozi wake mmoja, Paul Bomani, baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi yetu. Jambo lenyewe lilianza na mizani na daftari.

Lakini tuseme kweli yote. Ushirika wetu umewahi kuumia kwa sababu ya hesabu hizo hizo. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika. Kati ya matatizo iliyoyaona, mawili yanatuhusu hapa: watu wenye ujuzi wa kazi walikuwa wachache, na wanachama wengi hawakukielewa chama chao wenyewe. Tazameni mambo hayo mawili pamoja. Mwandishi hajui kuandika vizuri, na mwenye mali hajui kusoma kilichoandikwa. Hapo pesa itapotea hata kama hakuna aliyekusudia kuiba. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka huo huo wa 1982 likaundwa pia shirika la kukagua hesabu za vyama vya ushirika, linaloitwa COASCO kwa kifupi.

Kwa hiyo mtu wa hesabu akiwa hodari, wakulima hula jasho lao. Akiwa mzembe, hata mvua nzuri haiwasaidii.

Jipime kwa miezi mitatu

Sasa turudi kwenye swali. Watu wengi wanaotaka uhasibu huanza kwa kuuliza mshahara. Sisi tunashauri kwanza uanze na daftari la nyumbani kwako. Haligharimu kitu. Nunua daftari moja, uandike kila shilingi inayoingia na inayotoka kwa miezi mitatu, bila kuruka siku. Mfano ni huu:

Tarehe 2: salio la mwanzo, 30,000.
Tarehe 5: nimeuza gunia 1 la mahindi. Imeingia 60,000. Salio 90,000.
Tarehe 7: nimenunua mbolea. Imetoka 42,000. Salio 48,000.
Tarehe 12: madaftari na kalamu za watoto. Imetoka 6,500. Salio 41,500.
Tarehe 15: nimeuza kuku 2. Imeingia 24,000. Salio 65,500.
Tarehe 20: nimelipa deni la dukani. Imetoka 15,000. Salio 50,500.

Mwisho wa mwezi jihakikishie kwa njia ya pili. Jumlisha salio la mwanzo na zote zilizoingia: 30,000 na 60,000 na 24,000, jumla 114,000. Jumlisha zote zilizotoka: 42,000 na 6,500 na 15,000, jumla 63,500. Toa 63,500 kwenye 114,000. Inabaki 50,500. Njia zote mbili zimekutana. Sasa hesabu pesa yenyewe. Kama nayo ni 50,500, lala usingizi.

Kama hazikutana, usikasirike na usifute. Tafuta. Wahasibu wana hila zao, nasi tunawapa mbili.

Hila ya kwanza ni ya 9. Chukua tofauti, uigawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda umegeuza namba. 54 na 45 zinatofautiana 9. 81 na 18 zinatofautiana 63, yaani 9 mara 7. Ndivyo inavyokuwa kila unapogeuza namba mbili zilizo jirani. Mama Mwandishi angeijua hila hii, asingehitaji saa nzima.

Hila ya pili ni ya nusu. Gawa tofauti kwa 2. Kisha tafuta kiasi hicho kwenye daftari. Ukiandika 6,500 upande wa kuingia badala ya upande wa kutoka, salio litapotoka kwa 13,000. Nusu yake ni 6,500. Kosa umelikamata.

Hila hizi zinaonyesha tu mahali pa kuanza kutafuta. Ushahidi ni kadi, stakabadhi na hati za malipo.

Baada ya miezi mitatu jiulize: nilichoka? Niliruka siku ngapi? Siku hesabu zilipogoma, niliona hamu ya kutafuta, au nilitamani kutupa daftari? Jibu utakalopata hapo ni la kweli kuliko ushauri wa mtu yeyote, sisi tukiwamo. Msiogope hesabu ngumu. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kinachowashinda watu ni uvumilivu.

Mtihani wa shemeji

Kuna mtihani mwingine, na huu haufundishwi chuoni. Tuseme umechaguliwa kuwa mtunza vitabu wa chama. Jioni moja shemeji anabisha hodi.

"Shemeji, nisaidie elfu ishirini kwenye zile za chama. Mtoto anaumwa. Jumatatu nazirudisha, na hakuna atakayejua."

Utamjibuje? Ukimpa, Jumatatu itafika na pesa haitafika. Utalazimika kuandika uongo mmoja, halafu wa pili wa kuuficha ule wa kwanza. Ukimkatalia, atasema una roho mbaya, na dada yako atanuna. Yote mawili yana uchungu. Ila uchungu wa pili hupoa.

Ipo njia ya tatu. "Shemeji, pole sana. Za chama siwezi kuzigusa, siyo zangu. Mimi mwenyewe nina elfu tano, chukua. Na kesho twende kwa mwenyekiti, uombe mkopo wa dharura kwa utaratibu." Kama unaona unaweza kusema maneno hayo bila kutetemeka, wewe unafaa. Kama unajijua huwezi kumnyima ndugu, huna kosa, lakini kazi hii itakuletea aibu. Tafuta nyingine.

Ujue pia kwamba utashukiwa. Hata usiponunua kitu, utashukiwa. Siku ukiezeka nyumba yako bati watu watauliza pesa ilitoka wapi. Dawa yake ni daftari lililo wazi. Mwanachama akitaka kuliona, mwonyeshe siku hiyo hiyo, wala usimwambie arudi wiki ijayo.

Njia ya masomo

Tuseme umejipima na umefaulu. Njia iliyo mbele yako ina ngazi, na kila ngazi ni kazi kamili. Mtu anayesimama kwenye mojawapo hajashindwa.

Ngazi ya kwanza ni mtunza vitabu wa kikundi au chama cha msingi. Hapa kisomo chako na mafunzo mafupi vinaweza kukutosha. Mwone ofisa ushirika au ofisa maendeleo ya jamii, umuulize kama kuna mafunzo karibu. Malipo mara nyingi ni posho tu, tena ya msimu. Usiache shamba kwa ajili yake.

Ngazi ya pili ni elimu ya sekondari. Bila cheti cha kidato cha nne milango ya vyuo ni migumu. Mtu mzima aliyekosa sekondari bado anayo njia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafundisha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Asiyepita sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao watu wengi wanauita QT, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Ngazi ya tatu ni chuo. Vipo vingi. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza Dar es Salaam mwaka 1965. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Ipo pia Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na Chuo cha Uhasibu Arusha. Kwa kawaida cheti cha awali huchukua mwaka 1, stashahada miaka 2 zaidi, na shahada miaka 3.

Ngazi ya nne ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hiyo ndiyo inayosajili wahasibu. Anayemaliza mitihani yake ya juu na kusajiliwa huweka herufi CPA karibu na jina lake. Mitihani hiyo ni migumu, na wengine huirudia zaidi ya mara moja.

Jambo moja hatutalificha. Vyuo na Bodi hutumia Kiingereza. Mtu anaweza kuwa hodari wa hesabu akakwama kwenye lugha. Kama unaitaka ngazi ya tatu, anza kujifunza Kiingereza leo, pamoja na daftari lako. Usisubiri siku ya kupokelewa chuoni.

Na kompyuta?

Vijana wanatuambia kwamba kompyuta na simu zinahesabu zenyewe, kwa hiyo wahasibu wataisha. Ni kweli mashine inajumlisha haraka, wala haichoki. Hata malipo siku hizi yanapita kwenye simu na kuacha kumbukumbu. Lakini mashine hujumlisha ulichoiandikia. Ukiiandikia 54,000 badala ya 45,000, itajumlisha 54,000 bila kuuliza. Mtu wa kusema "hapa pana kosa" bado anahitajika. Kazi ya kunakili tu ndiyo itakayopungua. Kwa hiyo anayeingia uhasibu sasa ajifunze kompyuta mapema.

Kabla hujauza ng'ombe

Kuna wazazi wanaouza ng'ombe kumpeleka mtoto kusoma uhasibu kwa sababu mtoto wa jirani ameajiriwa mjini. Kaeni kwanza kama jamaa, mjibu maswali haya. Ada ya mwaka mzima ni kiasi gani, na chakula na malazi je? Itatoka wapi mwaka wa pili? Nani atalima wakati huo? Je, chuo kimesajiliwa na serikali? Na akimaliza akakosa ajira ya mjini, atakubali kurudi kuhudumia vyama vya hapa? Ajira haifuati cheti kama ndama anavyomfuata mama yake. Wapo wenye vyeti wanaozunguka na bahasha. Wapo pia wanaoishi kwa kuwaandikia hesabu wenye maduka na mashine za kusaga.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mpeni daftari la nyumbani kwa miezi mitatu, kama tulivyosema. Mtamfahamu.

Jibu kwa Mama Mwandishi

Mama yetu, swali lako lilikuwa kama unaweza. Ile siku ya sanduku ulishaonyesha jambo ambalo chuo hakiwezi kumpa mtu. Ulisema "sijui kosa liko wapi" mbele ya watu wanaokushuku, na hukufuta namba. Kwa hiyo tabia ya kazi unayo.

Ujuzi bado. Tunakushauri msimu huu ubaki na daftari la kikundi, ujifunze leja, stakabadhi na hati ya malipo, na uombe mafunzo ya ushirika. Wakati huo huo jiandikishe masomo ya sekondari, somo moja au mawili kwa mara, kadiri shamba linavyoruhusu. Usiuze kitu kwanza. Baada ya mwaka tazama umefika wapi, ndipo uamue juu ya ngazi inayofuata. Ukiishia kuwa mtunza vitabu wa chama cha msingi, chama hicho kitakuwa kimepata mtu. Ukifika mbali zaidi, utuandikie.

MANENO YA KUKUMBUKA

Salio: pesa iliyobaki baada ya kutoa matumizi.
Stakabadhi: karatasi inayothibitisha kwamba pesa imepokelewa.
Hati ya malipo: karatasi inayoonyesha nani amelipwa, kiasi gani na kwa idhini ya nani.
Leja: kitabu chenye hesabu ya kila mtu au kila jambo mahali pake.
Mtahiniwa: mtu anayefanya mtihani.

ZOEZI

Daftari la kikundi linaonyesha marejesho manne: 40,000, 92,000, 58,000 na 86,000. Jumla ni 276,000. Sandukuni mna 213,000 tu. Tumia hila ya 9. Ni mstari upi mtakaoukagua kwanza?

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chenu, je, anayeshika pesa ndiye anayeandika? Mnaweza kubadili nini?
2. Ni mara ngapi kwa mwaka daftari linasomwa mbele ya wanachama wote?
3. Mngekuwa ninyi mnajibu ombi la shemeji, mngesemaje?
4. Ni nani hapa kijijini angefaa kusomea uhasibu, na jamaa zake wamsaidieje?

Jibu la zoezi: Tofauti ni 63,000, yaani 9 mara 7,000. Kagueni mstari wa 92,000. Huenda ilikuwa 29,000. Tazameni kadi ya mwanachama kabla ya kusahihisha. Kosa mlikate kwa mstari mmoja, muandike namba sahihi juu yake, kisha mwandishi na mwenyekiti watie saini.